Risasi iliyopigwa hewani hurudi na nguvu kiasi gani?

Swali: Mtaani kwetu polisi wakitawanya umati hufyatua hewani. Jirani anasema risasi ikirudi huwa imechoka, inakugonga kama kokoto tu. Ni kweli? Na paa la bati linatosha kutukinga?

Jibu: Ndugu msomaji, hoja ya jirani yako ina chanzo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Julian Hatcher wa jeshi la Marekani alipima jambo hili huko Florida. Risasi ya bunduki ya kivita, yenye gramu 9.7 hivi, ilipopigwa wima kabisa ilirudi kwa takriban mita 90 kwa sekunde, ilhali mtutuni ilitoka kwa zaidi ya mita 800. Ilitua kitako mbele, ikaacha kishimo kidogo tu kwenye ubao.

Lakini kichwa si ubao. Ngozi hutoboka kwa mita 45 hadi 60 kwa sekunde, na fuvu kwa mita 60 hivi. Mita 90 zimevuka mipaka yote miwili.

Tena, ni nani hupiga wima? Mtu akiinua AK-47 katikati ya vurugu, mtutu hulala upande, na hapo ndipo hatari hukua. Risasi ya mshazari haisimami angani. Huendelea kwenda mbele ikijizungusha, ncha ikitangulia, kwa hiyo hewa haiipunguzi sana. Hutua kwa kasi kubwa kuliko ile ya wima, pengine zaidi ya kilomita 2 kutoka ilikopigwa, kwa mtu asiyejua hata kwamba kuna vurugu.

Hospitali moja ya Los Angeles ilihesabu majeruhi 118 wa risasi za namna hii kati ya 1985 na 1992, 38 walifariki. Puerto Rico, mkesha wa kuingia mwaka 2004, walipigwa watu 19, mmoja akafa.

Bati la geji 30 halifikii hata nusu milimita. Usilitegemee, na mti usiutegemee pia. Ingia chini ya slabu ya zege; kama ni ghorofa, shuka hadi ile ya chini kabisa. Pasipo slabu, kaeni chini nyuma ya ukuta wa matofali ulio upande unakotoka mlio, mbali na dirisha. Milio ikikoma msitoke papo hapo, maana risasi iliyopanda wima huweza kukaa angani karibu dakika nzima. Subirini angalau dakika mbili.

Mtu akipigwa kichwani, tundu laweza kuwa dogo na kufichwa na nywele, damu ikawa kidogo, naye akawa anaongea vizuri. Mpapase nywele taratibu. Ukiliona tundu, usichokoe, usimwage maji ndani wala usikandamize kwa nguvu. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali yenye eksirei au, bora zaidi, siti skani. Mwambie daktari wazi kwamba milio ya risasi ilisikika, kwa sababu jeraha hili huchukuliwa kirahisi kuwa la jiwe, likashonwa risasi ikiwa bado ndani.