Mdogo wangu, kabla hujaingia grupu la kupanga bei ya dagaa

Juzi dada mmoja wa Magu kaniandikia inbox, anasema wanunuzi wa dagaa kwenye mwalo wao (pale mitumbwi inaposhusha mzigo) wamefungua grupu la WhatsApp wanataka bei moja ya kununulia, kila mtu anaimba umoja ni nguvu ila yeye roho inasita. Nimesoma nikacheka, halafu nikanyamaza, maana grupu kama hilo nilishakuwemo, mwaka 2019, na kile kidonda kikiguswa bado nasikia.

Tulikuwa wanunuzi 9 upande wa Sengerema. Tukakaa kibanda cha chai asubuhi, giza ndio linaanza (kwa wasio wa ziwani, giza ni zile siku mwezi haupo, ndipo dagaa wanavuliwa, wafuate taa), tukakubaliana ndoo isizidi 20,000, wakati ukigombania ilikuwa inafika hadi 26,000. Hakuna aliyeandika kitu, tulinyoosha mikono tukamalizia chapati. Na sitawadanganya, giza lile nilipata hela, mabati ya nyumba yangu ya Buswelu yalitoka hapo. Nilijiona mjanja kweli. Wavuvi walilalamika sana lakini dagaa mbichi hamsubiri mtu, jua likipanda unauza kwa aliyepo.

Kilichoniponza ni huruma. Mzee mmoja injini yake iliharibika akaniomba 23,000 nikampa, kimyakimya, nikijua hakuna aliyeona. Kesho yake mwalo mzima unajua. Mwenye fuso akasema mzigo wangu hapakii, wenye chanja za kuanikia dagaa wakasema zimejaa, na wenzangu wa chapati wakawa wananipita kama mti. Mvua ikanyesha siku tatu nimeanika mchangani. Mzigo wote ukaenda kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, na mwaka ule sikuinuka tena.

Nikasema nawashtaki. Nikampigia mtoto wa dada yangu aliyesoma sheria, nikamwaga machungu yote, akanisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Mama mdogo, na wewe kwenye hicho kikao ulinyoosha mkono?" Basi. Nilikwenda kushtaki nikakuta na mimi mshtakiwa.

Ndio nikajua kuna Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003. Wengi tunaijua FCC, yaani Tume ya Ushindani, kwa kukamata bidhaa bandia, kumbe na haya yetu yamo. Kifungu cha 9 kinakataza washindani kupanga bei, kinakataza kumsusia mtu kwa pamoja (nilivyofanyiwa mimi!), kinakataza kula njama kwenye tenda. Mnaopeleka maharage na dagaa mashuleni mnapokezana, mwaka huu wewe mwakani mimi, na nyie mmo humo. Na usiseme hatukuandikiana, makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano. Faini inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka, jamani mauzo, sio faida! Mfanyabiashara wa dagaa unajua mauzo yanavyoonekana makubwa na mfukoni hamna kitu.

Kuna mwingine atasema mimi sipangi bei na mtu, mimi nawakopesha wavuvi nyavu na mafuta ili waniuzie mimi tu. Hapo ni habari nyingine, mnunuzi mmoja mdogo kufanya hivyo sio shida, shida ni aliyeshika mwalo wote. Mnakumbuka Google Marekani? Agosti 2024 jaji aliamua kwamba wamelinda ukiritimba wao kinyume cha sheria, na mojawapo ya walichokuwa wanafanya ni kuwalipa watengenezaji wa simu na brauza ili ukifungua tu ukutane na Google. Mwaka 2021 peke yake walilipa zaidi ya dola bilioni 26. Mimi niliposoma nikasema huyu si ndiye yule tajiri wa nyavu, tofauti ni ukubwa wa ziwa tu.

Sasa watu wangu, acheni tamaa ya pamoja. Mnataka nguvu, undeni ushirika wa kweli, nunueni chanja, kodini gari. Lakini bei kila mtu apange kichwani kwake. Nasema tena, bei kichwani kwako! Kwanza tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 mnunuzi wa Mwanza mjini anafika kwetu Sengerema alfajiri bila kusubiri kivuko, hiyo bei yenu ya kikao nani ataishika? Sisi wenyewe ilitushinda, wavuvi waliwasha injini wakaenda kushusha mwalo mwingine, ndani ya miezi michache wale 8 wakawa wananunua samaki wa kitoweo.

Dada wa Magu, usitoke kimya. Ukitoka kimya na jina lako limo, watasema ulikubali. Andika humohumo kwenye grupu kwamba hukubaliani na kupanga bei, piga skrinishoti ionyeshe tarehe, ndio utoke. Na hiyo skrinishoti usinitumie mimi, itunze mwenyewe.