GFX 100S II kwa harusi na studio: nimekaa nayo siku 10, haya ndo niliyoyaona

Mkuu, umeuliza kama uuze kamera yako ya fulu fremu (ile yenye sensa ya milimita 36 kwa 24) na lenzi zake tatu uchukue Fujifilm GFX 100S II, kwa vile wikiendi unapiga harusi na katikati ya wiki uko studio na potreti. Mi niliikodi siku 10 pamoja na lenzi ya GF 80mm f/1.7 (f ni tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) nikaiingiza kazini kabisa. Jibu langu ni usiuze kwanza, na sababu ni hizo harusi, maana studio hii kamera nimeipenda mpaka kuirudisha iliniuma.

Ujue kwanza unanunua nini. Sensa, kile kipande kinachonasa mwanga, ni milimita 43.8 kwa 32.9, eneo lake kama mara 1.7 ya fulu fremu, megapikseli 102. Ni kubwa ndiyo, lakini bado ni ndogo kuliko filamu ya zamani ya sentimita 6 kwa 4.5. Ilitangazwa Mei 2024 kwa dola 4,999 kule Marekani, hapo ni bodi tupu, bado lenzi, bado usafiri na ushuru. Uzito gramu 883 ikiwa na betri, mkononi inakaa vizuri tu, kinachochosha ni lenzi.

Studio sasa. Siku ya pili nilimpiga picha mama mmoja mtu mzima, ngozi nyeusi tii, kajifunga kilemba cheupe pee, taa moja tu ya softiboksi kutokea kushoto. Kwenye kamera yangu hapo huwa lazima nichague kimoja, nikikilinda kilemba shavu la upande wa kivuli linakuwa giza tupu na nikilivuta linaleta chengachenga. Hii nilikaa ISO 80 (usikivu mdogo kwa mwanga) nikakilinda kilemba, nikaja kuvuta kivuli kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, shavu likapanda polepole na rangi yake ile ile, ule wekundu wa chini ya ngozi upo, na nyuzi za kilemba unaziona moja moja. Niliita mke wangu aje aone. Ila nilipozuumu asilimia 100 nikakuta picha kadhaa za f/1.7 fokasi imekaa kwenye kope badala ya mboni, na megapikseli 102 hazifichi kitu, basi nikabana mpaka f/4 na hapo ikatulia. Angalia na nguo zenye nyuzi ndogo ndogo, mimi koti la suti lilinitolea mawimbi ya rangi ambayo jicho halikuyaona.

Jumamosi nikaenda nayo kwenye sendofu. Ukumbi una giza, nyuma ya jukwaa skrini kubwa ya LED, na mimi nikaweka shata ya elektroniki ili nisisumbue kwa mlio wakati wa maombi. Kosa. Sensa kubwa hivi inasomwa taratibu, mstari kwa mstari, huku LED inawakawaka, picha zikatoka na mistari ya giza kukatiza uso wa bibi harusi, nikarudi shata ya kawaida haraka sana lakini ule wakati mama yake anamvisha mkufu ulishapita, na wakati kama ule hauombi urudiwe. Kwenye kuingia wanacheza pia fokasi inakamata lakini siyo kwa uhakika niliouzoea.

Halafu kuna fleshi. Sinki yake, yaani spidi ya juu ya shata inayokubaliana na fleshi, inaishia 1/125 ya sekunde. Piga hesabu ya jua la saa saba mchana pale nje ya kanisa, ISO 80 na 1/125 unajikuta kwenye f/13 hivi, sasa f/1.7 uliyoinunua kwa hela yote ile unaitumia wapi? Inabidi uvae filta ya ND ya stopu 6 (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) au utumie hai spidi sinki (fleshi inawaka mfululizo ili spidi ipande) ambayo inakula nguvu ya fleshi. Kama kazi zako nyingi ni za nje na fleshi, itazame Hasselblad X2D, shata iko ndani ya lenzi kwa hiyo sinki inapanda juu sana, ila haipigi video kabisa na wateja wa harusi siku hizi wanataka video.

Mafaili nayo. RAW (faili ghafi la kamera) ya biti 16 isiyobanwa inapita MB 200 kwa picha moja, yaani harusi ya picha 2,000 ni GB 400, na bado bakapu. Laptopu yangu yenye RAM ya GB 16 ilikuwa inavuta pumzi kila nikifungua picha mpya. Na mteja wako anachukua nini mwisho wa siku? Albamu ya inchi 12 kwa 12 kwa 300 dpi (nukta kwa inchi) inataka megapikseli kama 13 tu. Hii kamera bila kukuza inakupa karibu mita 1 kwa sentimita 74 kwa 300 dpi hiyo hiyo, kwa hiyo kama huna wateja wa kutundika ukutani, wa mabango au wa katalogi za vitenge, hiyo tofauti unailipia wewe peke yako.

Ungekuwa mtu wa studio tu ningekwambia hata GFX 100S ya 2021 iliyokwisha tumika inatosha, sensa ni ukubwa ule ule na megapikseli zile zile. 50S II ni nafuu zaidi lakini fokasi yake ni ya kontrasti pekee, inapapasa mbele na nyuma mpaka ipate, kwa mtu anayetembea itakutesa.

Ikodi wikiendi ambayo una harusi kweli, fulu fremu yako ikiwa begani, na Jumatatu chukua picha mbili za mtu yule yule, moja ya kila kamera, uzipeleke kuprinti saizi ile unayowauzia wateja, uziweke mezani bila kumwambia mtu ipi ni ipi.