Maswali Yenu: Mboga Uani kwa Pesa Kidogo

Barua nyingi za mwezi huu zinatoka kwa watu wenye ua mdogo au wasio na ua kabisa, ambao wangependa mboga ya jioni itoke nyumbani badala ya gengeni. Tumechagua zile zenye maswali yanayorudiwa mara nyingi.

Nimepanga chumba Mbagala, na mbele ya mlango nina nafasi ya mita tatu kwa mbili. Nina shilingi elfu kumi tu. Ninunue nini kwanza, na nipande nini watoto wapate mboga mapema?
*Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam*

Mama, chombo usinunue hata kimoja. Pesa iende kwenye samadi iliyooza na pakiti moja ndogo ya mbegu za mchicha, itakayobaki itunze. Ndoo iliyopasuka, beseni bovu na kiroba cha unga vyote vinabeba udongo vizuri, mradi uvitoboe chini maji yatoke. Ndoo ya rangi na kopo la dawa ya wadudu viache kabisa, hata kama vimeoshwa mara ngapi.

Samadi ni muhimu kuliko kitu kingine kwa sababu udongo wa huko kwenu ni mchanga mtupu: maji yanapita, na chakula cha mmea kinapita nayo. Samadi iliyooza ni nyeusi, inamomonyoka mkononi na hainuki. Kwenye kitalu cha chini changanya ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, ukiichimbia kina cha kiganja na nusu. Kwenye chombo, debe mbili za udongo kwa debe moja ya samadi.

Mchicha ndio utakaowapa mboga mapema. Mbegu zake ni ndogo kama punje za mchanga, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanazimwaga mahali pamoja, miche inabanana, inakuwa myembamba na kuanguka. Chukua kijiko cha chai kisichojaa, changanya na konzi mbili za mchanga mkavu, kisha tawanya kwenye mita mbili za mraba. Funika kwa udongo mwembamba sana, nusu sentimita inatosha. Weka nyasi kavu juu na umwagilie kwa kopo lenye matundu madogo. Sisimizi hubeba mbegu hizi usiku, kwa hiyo zungushia majivu pembeni mwa kitalu. Miche ikichomoza, siku ya nne au ya tano, ondoa nyasi siku hiyohiyo, la sivyo itarefuka ikitafuta mwanga.

Wiki ya tatu anza kung'oa iliyobanana, hiyo ndiyo mboga yako ya kwanza. Acha mashina yaliyopishana sentimita 20. Haya usiyang'oe: yakate kwa kisu ukiacha kama sentimita 15 kutoka ardhini, yatachipua pembeni na utayakata tena na tena hadi yaanze kutoa maua. Usipande eneo lote siku moja. Panda nusu, na baada ya wiki mbili panda nusu nyingine, ili moja ikiisha nyingine iwe tayari. Shina moja lenye afya liache likomae. Mbegu zake zitakutosha msimu ujao.

Nusu ya nafasi yako ipe matembele, maana hayo hayanunuliwi. Omba vipande vya marando ya viazi vitamu kwa jirani, kila kimoja urefu wa sentimita 25 hadi 30. Toa majani ya chini, lalisha kipande mshazari ili vifundo viwili au vitatu vizame udongoni, pishanisha sentimita 25. Panda jioni. Baada ya wiki nne au tano unaanza kuchuma ncha, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyotawanyika.

Pembeni kabisa chomeka vijiti viwili vya muhogo kwa ajili ya kisamvu. Chagua shina lililokomaa kutoka kwenye mmea ambao majani yake hayana mabaka ya njano wala kujikunja, kwa kuwa ugonjwa wa batobato husafiri na kijiti. Na kisamvu, hata cha muhogo mtamu, kitwangwe na kuchemshwa vizuri bila kufunikwa; sumu yake hutoka hapo.

Nina gunia la sukuma wiki hapa Githurai. Juu zimenawiri, lakini za ubavuni chini zimekauka zote, na ninamwagilia kila siku. Shida ni nini?
*Msomaji, Nairobi*

Ndugu yetu, maji hayafiki chini. Bustani za magunia zilienea sana Kibera mwaka 2008, shirika la Solidarités lilipozisambaza kwa familia baada ya ghasia za uchaguzi, na moyo wa ufundi wenyewe ni nguzo ya mawe katikati ya gunia. Nguzo hiyo ikiziba, juu panakunywa na chini panakufa kiu.

Huziba kwa sababu mbili. Ama ilijengwa kwa kokoto ndogo na mchanga, au mdomo wake ulifunikwa na udongo ulioporomoka. Kwanza fukua juu uone kama mawe yanaonekana. Yakionekana, mimina maji taratibu moja kwa moja kwenye mawe. Yasipoonekana, chukua nondo au mti ulionyooka, toboa mashimo manne kutoka juu hadi karibu na kitako, yajaze vijiwe, na uyatumie kama njia za maji. Udongo uliokwisha kukauka kabisa hukataa maji: yanateleza kati yake na gunia na kutokea chini. Kwa hiyo siku ya kwanza mimina lita mbili, subiri nusu saa, mimina mbili tena, hadi jumla ifike lita kumi. Baada ya hapo lita tano hadi kumi kwa siku kulingana na jua.

Ukijenga jipya, fanya hivi. Weka gunia la kilo 90 mahali litakapokaa, maana likishajaa hamtaliinua. Liwe mbali na ukuta kiasi cha mkono mzima. Upande unaogusa ukuta haupati jua, na mimea yake ndiyo inayokufa mwanzo. Chukua kopo la bati la kilo mbili lililokatwa kitako, lisimamishe katikati, lijaze mawe ya ukubwa wa ndimu. Jaza udongo pembeni usawa wa kopo, ushindilie kidogo kwa mkono, kisha vuta kopo juu ukiacha mawe yamesimama. Rudia hadi ubakize kiganja kimoja juu ili maji yasifurike.

Mwagilia, liache siku mbili tatu likae sawa, ndipo utoboe. Sentimita 20 za chini zisiwe na tundu. Kuanzia hapo safu tatu, kila safu matundu sita, safu ya pili ikipishana na ya kwanza. Tundu liwe mpasuo wa sentimita tano tu. Watu hukata madirisha makubwa, udongo unamwagika, mizizi inabaki wazi. Pamoja na miche minne ya juu unapata mimea 22. Kuna wanaobandika 40, lakini wanavuna majani ya ukubwa wa sarafu.

Ubavuni chini panda spinachi, ambayo huvumilia kivuli, na sukuma ziwe juu. Chuma majani ya chini kila wiki, ukiacha angalau matano kileleni. Vichipukizi vinavyoota ubavuni mwa shina la sukuma vikifika urefu wa kidole, vikwanyue na kuvipanda: huna haja ya kununua miche tena.

Maji yetu ya kisima hapa Kisauni yana chumvi. Mboga zinaungua ncha za majani. Naweza kulima kweli?
*Msomaji, Mombasa*

Unaweza, dada, ila kwa kuchagua mimea na kubadili namna ya kumwagilia. Mchicha na spinachi vinavumilia chumvi kiasi. Maharage, karoti na vitunguu havivumilii, usipoteze mbegu. Miche michanga ya mmea wowote ikuze kwa maji matamu hadi iwe na majani manne.

Wengi hunyunyizia kidogokidogo mara nyingi, wakidhani wanapunguza chumvi. Kinyume chake, jua hunyonya maji na chumvi hubaki juu, ndiyo ule ukoko mweupe unaouona. Mwagilia kwa wingi kwa mpigo mmoja, hadi maji yatoke chini ya chombo, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Mwaga kwenye udongo, si kwenye majani. Funika udongo kwa makuti yaliyokatwakatwa au nyasi kavu. Majivu yasahau, yanaongeza chumvi.

Masika ikianza, tega maji ya bati. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, kwa hiyo bati la mita za mraba kumi kwenye mvua ya milimita kumi hukupa karibu lita 100. Maji ya mvua ya mwanzo wa msimu yaache yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata tumia kwa miche, na mara moja moja kufurisha vyombo vyote ili vioshwe.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yatumie bila wasiwasi. Yenye dawa ya kung'arisha nguo, mafuta au chumvi ya kupikia, hapana.

Niliweka mbolea ya kuku, miche yote ikaungua. Jirani anasema nichanganye na majivu ili ipoe. Ni kweli?
*Msomaji, Morogoro*

Si kweli, ndugu. Majivu hayapozi mbolea mbichi. Yanachofanya ni kufukuza hewa ya amonia, ile harufu kali inayowasha macho, na humo ndimo ilimo naitrojeni uliyoitaka. Utabaki na mbolea iliyopoteza nguvu yake.

Kwa sasa kwangua mbolea iliyo karibu na mashina na umwagilie maji mengi siku mbili au tatu mfululizo. Miche ambayo chipukizi lake la katikati bado ni bichi itapona. Mbolea iliyobaki ichanganye na majani makavu au pumba za mpunga, kiasi sawa kwa sawa, ilowanishe hadi ukiikamua mkononi itoe tone moja tu, ifunike na uigeuze kila wiki kwa wiki sita hadi nane. Chomeka kijiti katikati, ukiache kwa dakika tano. Kikitoka na joto, bado. Ikishapoa, sehemu moja kwa sehemu sita za udongo.

Majivu nayo yana kazi yake, yanaleta potasiamu na kupunguza uchachu wa udongo, lakini konzi mbili kwa mita moja ya mraba kwa msimu zinatosha.

Nyanya zangu kwenye ndoo zinaoza kitako, doa jeusi chini ya tunda. Nimeweka maganda ya mayai, haisaidii. Nipulizie dawa gani?
*Msomaji, Dodoma*

Hakuna dawa ya kupulizia, kwa kuwa si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu ipo udongoni; kilichokosekana ni maji ya kuibeba. Ndoo ikikauka mchana mmoja, majani huvuta maji yaliyopo na tunda hukosa. Maganda ya mayai huoza polepole mno, hayataokoa matunda ya msimu huu.

Ndoo ya lita 20 ibebe mche mmoja tu. Kwenye jua la Dodoma, mche wenye matunda hunywa lita mbili hadi nne kwa siku: gawa asubuhi na jioni, kila siku, bila kuruka. Funika udongo kwa nyasi unene wa sentimita tano, na ndoo yenyewe ivishe gunia ili isichemke. Punguza mbolea ya kuku, inakuza majani kuliko matunda. Toa matunda yaliyoharibika. Sehemu yake isiyo na doa inalika.

Kwa mwenye bajeti finyu, nyanya iwe ya mwisho kupandwa. Inadai maji, mti wa kuegemea na uangalizi wa kila siku. Nyanya chungu na pilipili huzaa kwa miezi mingi kwenye ndoo hiyohiyo na kustahimili kiangazi vizuri zaidi. Ukishikilia nyanya, tafuta aina isiyo chotara kama Tengeru 97 au Tanya, ambayo unaweza kutunza mbegu zake. Kamua mbegu za tunda lililoiva vizuri kwenye glasi, ziache na maji yake siku mbili au tatu hadi ute uachie, osha, anika kivulini kwenye sahani. Ukizianika kwenye karatasi zitaganda.

Vidukari wamejaa chini ya majani ya sukuma. Sina hela ya dawa.
*Msomaji, Mwanza*

Usiitafute. Jani lililokunjamana kabisa likate na ulitupe mbali. Mengine yapindue na uwasugue kwa kidole ukimwaga maji, wengi hawarudi. Siku inayofuata puliza maji lita moja yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chini ya majani, jioni, kisha asubuhi suuza. Sabuni huua tu anayeguswa, hivyo rudia baada ya siku nne, na tena baada ya nne.

Wakizidi, saga gramu 50 za kokwa za mwarobaini zilizokaushwa kivulini, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza tone la sabuni na upulize siku hiyohiyo jua likizama, maana jua huiua nguvu yake. Angalia pia sisimizi wanaopanda shinani: wao huwalinda vidukari kwa ajili ya utamu wanaoutoa, na kuwafukuza wadudu wanaowala. Zungushia majivu makavu kwenye shina, na ubadilishe kila yanapolowa.