Zamu ya usiku, presha na sukari: jibu kwa ndugu mlinzi wa Nyali

Ndugu yangu, umeuliza kama kukesha kazini kunaweza kukupandishia presha hadi 148 kwa 94 na kukutoa kitambi ndani ya mwaka mmoja, na wewe chakula hujaongeza na mchana unalala. Waliotangulia wamekwambia ni chumvi, mwingine kasema ni mawazo. Chumvi imo, sikatai. Lakini usiku wenyewe umo pia, tena sana. Nasema hivi kwa kuwa nimeendesha mashine ya kupanga makontena Changamwe, hapa Mombasa, kwa miaka mingi, nyingi za zamu zangu ni za usiku, na kliniki ya presha nami nahudhuria.

Mwili hauhesabu tu umelala kwa muda gani. Unaangalia pia umelala wakati gani na umekula wakati gani. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna kijisehemu chenye seli kama 20,000 kinachopokea habari za mwanga na kuupangia mwili siku yake. Ini nalo lina saa yake, kongosho lina yake, moyo vivyo hivyo. (Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi saa hii inavyokwenda ndani ya seli, na waliigundua kwa kuchunguza vijinzi vya matunda.) Saa ya ubongo hufuata mwanga. Ya ini na kongosho husikiliza zaidi chakula. Sasa ukila chipsi na soda saa nane usiku, ubongo unasema ni usiku na ini linaambiwa ni mchana. Manahodha wawili, chombo huenda mrama.

Mwaka 2009 watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's kule Boston walichapisha matokeo ya watu 10 waliowekwa ndani na kuishi siku ya saa 28 badala ya 24, mpaka usingizi na milo ikapinduka kabisa. Sukari ya damu ilipanda kwa asilimia 6, ingawa insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, nayo iliongezeka kwa asilimia 22. Presha ikapanda kwa asilimia 3. Leptini, homoni inayoufanya mtu ajihisi ameshiba, ikashuka kwa asilimia 17. Wengine wao sukari yao baada ya kula ilifika kiwango cha mtu anayenyemelewa na kisukari, na walikuwa hawajakaa humo hata wiki mbili. Hiyo ya leptini nadhani ina mkono katika kitambi chako. Njaa ya saa tisa usiku unaijua, ile isiyotulia mpaka upate kitu cha mafuta au cha sukari.

Mama yangu ana kisukari, kwa hiyo kipimo cha kudunga kidole kipo nyumbani. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Siku ya mapumziko nilikula wali wa nazi na mchuzi wa samaki saa saba mchana, nikapima sukari baada ya saa mbili: 7.2 (kwa mmol/L). Wiki hiyohiyo nikafungasha wali uleule, vijiko vilevile nilivyohesabu, nikaula kazini saa nane usiku. Saa kumi nikanawa mikono kwa sabuni, nikaketi chini ya taa za yadi, nikajidunga: 9.8. Nikajaribu tena kwa chapati na maharagwe, usiku ukazidi tena. Huu si utafiti, ni kidole changu tu, lakini unaendana na yanayojulikana: kiza kikiingia mwili hutoa melatonini, homoni ya usiku, na melatonini hulifanya kongosho lipunguze insulini. Wali uleule unakutana na mwili mwingine.

Ndipo nikakutana na utafiti mwingine wa Boston, wa mwaka 2021. Watu waliwekwa kwenye zamu za usiku za kuigiza. Waliokula usiku, sukari yao ilipanda kwa asilimia 6.4. Waliokesha vilevile lakini wakala mchana tu, haikupanda. Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu zamu hatupangi sisi, lakini bakuli ni letu. Mimi sasa nakula chakula kizito saa kumi na mbili jioni kabla ya kutoka. Usiku ni maji, na chai ya rangi bila sukari kabla ya saa sita ili isije ikanifukuzia usingizi asubuhi. Njaa ikibana, yai la kuchemsha au njugu kidogo. Viazi karai vya getini navipenda, lakini nimevihamishia jioni. Kama unatumia insulini au vidonge vya sukari, usiige hili bila kuongea na daktari, sukari inaweza kushuka ghafla.

Tuje kwenye presha. Kwa kawaida mtu akilala hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, moyo na mishipa ikapumzika. Ambao haishuki wamo kwenye hatari zaidi ya kiharusi na ugonjwa wa moyo. Sasa lala Likoni saa nne asubuhi chini ya mabati, watoto nje, honi za matatu, uone kama mwili unapumzika. Ukiongeza muguka, majani ya kutafuna ili ukeshe, nao ndiyo basi, kwa sababu majani yale hupandisha presha na mapigo ya moyo. Nakuomba kwa dhati uuache kwanza huo kabla hata ya kuhangaika na chumvi.

Kwa usingizi, anza na mwanga. Nikivuka feri saa moja asubuhi jua linatokea baharini na kunipiga ubavu wa kushoto, na jua la asubuhi linauambia ubongo kwamba siku imeanza. Huvaa kofia pana na miwani ya jua, nikasimama upande wa kulia nyuma ya magari. (Kama unaendesha pikipiki kurudi nyumbani, miwani iache, mwanga ukuweke macho.) Dirishani mke wangu alishona pazia zito jeusi, leso hazitoshi. Feni iwake, simu ikae chumba kingine, na watu wa nyumbani wajue kwamba mpaka saa nane mchana huamshwi kwa jambo dogo.

Ratiba isiyotabirika ndiyo mbaya, mwili haupati nafasi ya kuzoea. Muombe msimamizi akupe ratiba unayoijua mapema.

Umeuliza pia vidonge vya presha umeze saa ngapi na usiku hulali. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya mshtuko wa moyo wala kiharusi kati ya wanaomeza asubuhi na wanaomeza jioni. Kwa hiyo chagua saa usiyoisahau, mradi daktari amekubali. Lakini mwambie kwamba unakesha, maana ukipimwa saa tatu asubuhi hujalala, namba hiyo si sawa na ya mtu aliyeamka. Kama mkeo anasema unakoroma na kukatika pumzi, hilo nalo litaje. Pima mwenyewe nyumbani ukiamka na kabla ya kwenda kazini, wiki nzima, uandike saa pembeni ya kila namba, na karatasi hiyo uende nayo kliniki. Ukitaka, ziweke na hapa tuziangalie pamoja.