Kununua gari la kasi Ujerumani ukiwa na mkataba wa muda

Mkenya akipata kazi ya mkataba Stuttgart au Munich, hata koti la baridi hajanunua tayari anaulizia magari. Simlaumu. Amekulia akisikia Subaru za watu zikinguruma usiku, sasa mshahara unaingia kwa yuro, barabara isiyo na kikomo cha mwendo iko nusu saa kutoka kitandani kwake, na gari ambalo nyumbani lingemla bei ya kiwanja limeegeshwa kwenye yadi ya mtaa wa pili. Mimi nilikuja Stuttgart kwa mkataba wa uhandisi wa miaka 3, nikanunua gari la namna hiyo, nikaliendesha, kisha nikaliuza kabla ya kurudi. Wengi wananiuliza nililichagua vipi, basi nijibu mara moja.

Mtu akiniuliza, simwulizi ana pesa ngapi. Namwuliza: siku ukiondoka, gari litakwenda wapi? Kwa Mkenya jibu ni kwamba litabaki. Usukani uko kushoto, na Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto ila yale ya kazi maalumu kama ya wagonjwa na ya zimamoto. Ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha upande wa kulia wa barabara kama Wajerumani, kwa hiyo hesabu yao ni nyingine. Sisi tukubali tu kwamba tunalinunua gari huku tukijua ni nani tutakayemwuzia: Mjerumani wa kawaida, kwa haraka, katika mwezi ambao tuna mizigo ya kufunga na nyumba ya kurudisha.

Kuna unafuu mmoja ambao wengi hawaujui. Mkenya anayerejea nyumbani moja kwa moja baada ya kuishi nje angalau miaka 2, na aliyelimiliki gari lake na kulitumia huko kwa angalau miezi 12, anaweza kuomba kuingiza gari moja bila ushuru. Aliyetoka nchi ya usukani wa kushoto huruhusiwa kuliuza lile na kuingiza la usukani wa kulia ambalo thamani yake haizidi ya lile la kwanza, mradi lisiwe limepita miaka 8 na atimize masharti mengine ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Kwa hiyo karatasi ya kununulia, ya usajili, ya bima na ya kuuzia, zote ziweke kwenye faili moja tangu siku ya kwanza. Soma masharti kabla ya kununua, si baada ya kuuza.

Ukishajua mnunuzi wako ni nani, magari mengi yanajiondoa yenyewe kwenye orodha. Mustang iliyoletwa kutoka Marekani, hapana. Rangi ya ajabu, hapana. Gari lililochezewa, hapana kabisa, na hapa vijana wa nyumbani hubisha sana. Kwetu ukibadilisha bomba la moshi, rimu na kompyuta ya injini umeongeza thamani machoni pa marafiki. Ujerumani badiliko lisiloidhinishwa na kuandikwa kwenye karatasi za gari linaweza kuliondolea kibali cha kuwa barabarani, na bima inaweza kukusumbua ikitokea ajali. Mnunuzi wa Kijerumani atachuchumaa, atasoma namba zilizochongwa kwenye rimu, kisha atakuomba cheti chake. Huna? Anashukuru, anaondoka. Acha gari kama lilivyotoka kiwandani.

Lakini kabla ya gari kuna leseni, na hiyo ndiyo inayowashika watu. Leseni ya Kenya au Tanzania unaitumia kwa miezi 6 tangu uanze kuishi Ujerumani. Baada ya hapo unahitaji ya kwao, na kwa kuwa nchi zetu hazimo kwenye orodha ya zile wanazobadilishana leseni bila mtihani, utafanya wa nadharia na wa barabarani. Nadharia unaweza kuifanya kwa Kiingereza. Hulazimiki kumaliza idadi fulani ya masomo kama mwanafunzi mpya, lakini chukua machache. Mazoea yetu yatakuangusha kwenye jambo dogo: katika njia panda isiyo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata akitoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa. Na fanya mtihani kwa gari la gia za mkono, kwa sababu ukiufanya kwa otomatiki unaweza kupewa leseni yenye sharti la otomatiki tu, na hapo nusu ya magari matamu ya mtumba yamekupita.

Sasa bima. Hapa ndipo gari linapochaguliwa kwa kweli, na ningependa mtu akae hapa muda mrefu kuliko kwenye picha za matangazo.

Bima ya Ujerumani haiangalii nguvu za farasi kama tunavyodhani. Kila modeli ina daraja lake, linalotokana na hasara ambazo magari ya modeli hiyo yamesababisha nchi nzima. Kwa bima ya lazima, inayolipa hasara ya wengine, madaraja yanaanzia 10 hadi 25; kwa bima kubwa, inayolipa hata gari lako mwenyewe, yanafika 34. Maana yake ni kwamba gari la viti viwili linalopendwa na wastaafu na kutolewa nje siku za jua linaweza kuwa na daraja la chini kuliko gari dogo la milango mitano linalopendwa na vijana wa miaka 22. Juu ya hapo kuna wilaya unayoishi, na juu ya hapo kuna wewe mwenyewe: umeendesha miaka mingapi bila kudai fidia? Mgeni huanzia chini kabisa kwenye ngazi hiyo, hata kama Nairobi umeendesha miaka 15 bila kukwaruza bampa. Iombe kampuni yako ya bima ya nyumbani barua ya kuthibitisha miaka hiyo, iwe na tarehe na namba ya gari. Kampuni moja itaikataa, nyingine itaikubali, na tofauti ya bei inatosha kukulipia seti nzima ya matairi.

Nilivyofanya mimi: kabla ya kwenda yadi yoyote, nilikaa na tovuti ya kulinganisha bima na kuyaingiza magari niliyoyatamani moja moja, kwa umri wangu, mtaa wangu na historia yangu isiyotambuliwa. BMW M240i, silinda 6 na nguvu za farasi 340, ilikuwa ndoto yangu ya siku nyingi. Bei ya gari ningeimudu. Bima kubwa ya mwaka, kwa mtu anayeanzia sifuri, ilinifanya nifunge kompyuta nikapike chai. Porsche Boxster ya mtumba ilinishangaza kwa upande mwingine: bima ya lazima ilikuwa ya wastani, lakini sevisi na breki zake zina bei ya Porsche hata gari lenyewe likiwa limeshashuka thamani. Wanaonaswa ni wale wanaodhani Porsche ya bei ya Golf, gari la kawaida la Volkswagen, ina matunzo ya bei ya Golf.

Kodi ya mwaka isikutishe. Kwa injini ya petroli ni yuro 2 kwa kila sentimita za ujazo 100, yaani yuro 40 kwa injini ya lita 2, kisha inaongezwa sehemu inayotokana na hewa ukaa inayotolewa. Ni kidogo ukilinganisha na bima.

Mwishoni nilibaki na mawili, Volkswagen Golf GTI na Hyundai i30 N. Kwa akili ya kuuza tu, GTI inashinda. Imekuwepo tangu miaka ya 1970, kila Mjerumani ana binamu aliyewahi kuwa nayo, ukiitangaza Ijumaa simu inaanza kulia. Nilichukua i30 N, na sababu yangu ilikuwa dhamana. Hyundai Ulaya hutoa miaka 5 bila kikomo cha kilomita, na dhamana inafuata gari, haimfuati mwenye gari. Nikatafuta lenye umri ambao dhamana yake ingenifikisha karibu na mwisho wa mkataba, na sevisi zote zimepigwa mhuri kwenye kitabu. Gari la kasi likiharibika injini au gia ukiwa mgeni, usiyemjua fundi wala lugha ya gereji, ni balaa. Kwangu dhamana ilikuwa na thamani kuliko nembo.

Na si gari la kudharau. Lina nguvu za farasi 275, gia 6 za mkono, na difa inayozuia tairi la mbele lisizunguke bure kwenye kona. Wajerumani wanajua kwamba kazi ya kuliunda iliongozwa na Albert Biermann, aliyehamia Hyundai mwaka 2015 kutoka kitengo cha M cha BMW, kile cha magari yake ya kasi. Wanalitania, halafu wanaomba waliendeshe.

Usinunue kwa ajili ya kasi ya juu kabisa. Barabara kuu zina ujenzi, foleni, na malori. A8 kuzunguka Stuttgart saa za jioni haina tofauti kubwa na Thika Road ya Nairobi. Mwendo wa maana nilikuwa nikiupata Jumapili alfajiri kwenye A81 kuelekea Singen, kwa sababu Jumapili malori makubwa hayaruhusiwi barabarani. Hata pale pasipo kikomo, mwendo unaoshauriwa ni kilomita 130 kwa saa, na ukiuzidi kisha ukapata ajali unaweza kubebeshwa sehemu ya lawama hata kama kosa ni la mwingine. Raha kubwa zaidi niliipata kwenye B500, barabara ya milimani ya Msitu Mweusi kati ya Baden-Baden na Freudenstadt, na pale nguvu za farasi 200 zinatosha na kubaki. Kona zinataka breki, usukani unaosema ukweli na matairi mazuri.

Matairi, ndiyo. Hesabu seti mbili tangu mwanzo. Kukiwa na theluji au barafu lazima uwe na matairi ya majira hayo, na tangu Oktoba 2024 yanapaswa kuwa na alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Ukikuta gari linauzwa na seti ya pili ya rimu na matairi ya baridi yenye mpira wa kutosha, huyo muuzaji mpe chai. Angalia pia mwaka wa kutengenezwa, si kina cha mpira peke yake.

Kuhusu Nürburgring, uwanja maarufu wa mbio za magari, najua unataka kwenda. Nenda. Lakini njia ile ya kaskazini, karibu kilomita 21 za kona msituni, isikudanganye kwa kuwa inafunguliwa kwa magari ya kila mtu. Bima nyingi zina kifungu kinachoitenga, na ukigonga vyuma vya kando unalipia vyuma, gari la kuvuta, hata muda ambao njia imefungwa kwa sababu yako. Piga simu kwa bima yako, pata jibu kwa maandishi. Mimi jibu nililopata halikunipendeza, nikakodi gari la palepale lenye bima yake na kiwango cha juu cha hasara kilichoandikwa wazi.

Jambo la mwisho kuhusu kuendesha ni zito kwa mtu mwenye kibali cha kuishi. Tangu 2017 mashindano ya barabarani ni kosa la jinai Ujerumani, na sheria inamgusa hata mtu aliye peke yake anayeendesha ovyo akitafuta kasi ya juu kabisa. Adhabu inaweza kuwa kifungo, na gari linaweza kutaifishwa. Mwenyeji atapoteza leseni. Wewe unaweza kuongezea na maswali kwenye ofisi ya uhamiaji. Hata kelele tu za kupiga resi mtaani zina faini, inayofika yuro 100. i30 N ina kitufe cha kunyamazisha bomba la moshi. Majirani zangu Waswabia, wenyeji wa Stuttgart, walikijua kitufe hicho kuliko mimi.

Unapokaribia kuondoka, anza kuuza miezi mitatu kabla, na usiuze majira ya baridi kama una hiari, kwa kuwa gari la aina hii hupata wateja jua likitoka. Lipeleke kwanza kwenye ukaguzi wa TÜV, ule wa lazima wa usalama wa gari, kama muhuri wake unakaribia kuisha. Mnunuzi akiona una karibu miaka 2 mbele, mabishano yanapungua. Tumia mkataba wa mauzo wa ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, upo bure, na una kifungu kinachokuondolea madai baada ya mauzo mradi hujaficha kasoro. Anayetaka kulijaribu, shika leseni yake halisi mkononi, kaa naye ndani. Pesa zipokelewe benki, zihesabiwe na karani.

Kisha lifute usajili kabla ya kulikabidhi, au uwape taarifa ya mauzo ofisi ya usajili na bima siku hiyohiyo. Kodi na bima uliyolipa mbele itarudishwa kwa siku zilizobaki, nayo huingia baadaye, wewe ukiwa umeshapanda ndege. Usiifunge akaunti yako ya Ujerumani mpaka zifike.