Nimejifungua, na mkubwa ana usonji: nianze kumtibu nani?

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Mwanangu wa kwanza ana miaka 5 na ana usonji. Tangu nijifungue wiki 6 zilizopita, mdogo akilia tu, mkubwa anaziba masikio, anapiga mayowe na kugonga kichwa ukutani. Ndugu wanasema ni wivu. Mimi nalia kila siku, na hata watoto wakilala sipati usingizi. Nianze kumtibu nani? – Mama wa Wawili

JIBU: Mama, hongera kwa uzazi, na pole sana. Anza na wewe.

Familia zikija kwangu, mtoto ndiye husogezwa mbele, mama akae kando na mkoba mapajani. Mimi humuuliza mama kwanza: unalala? Kulia siku za mwanzo baada ya kujifungua ni kawaida, na mara nyingi huisha ndani ya wiki 2. Wewe uko wiki ya 6, tena usingizi umekukimbia. Hapo nashuku sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito (depression). Kliniki unakompeleka mtoto, omba nawe upimwe. Wengi hutumia dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, lenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. La mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru, na nimeona kina mama wakilipita harakaharaka wasije wakaonekana wazazi wabaya. Nakusihi, lijibu kwa ukweli. Kama wazo hilo lipo, usingoje siku ya kliniki: nenda hospitali leo, usiende peke yako.

Baba wa watoto hukumtaja. Kama yupo, naye aulizwe hali yake, maana sonona huwapata hata kina baba mtoto anapozaliwa.

Kuhusu mkubwa, mimi sioni wivu. Kwa watoto wengi wenye usonji, kilio unachokivumilia wewe kwao ni maumivu hasa. Kumkaripia, au kumlazimisha ambusu mdogo wake, kutamzidishia. Mtafutie vifunika masikio vya kuzuia kelele na kona yake tulivu. Mchoree picha 3: mtoto analia, kaka anakwenda kwenye kona, mama ananyonyesha na kilio kinaisha. Mwonyeshe akiwa ametulia, kila siku, hadi aende mwenyewe. Akianza kugonga kichwa, weka mto kati yake na ukuta, maneno yawe machache. Daktari amwangalie pia masikio na meno, kwa sababu huenda anaumwa na hawezi kusema.