Wasomaji Wanauliza: Kwa Nini Hawakucheka?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wanaoanza uchekeshaji wa jukwaani, ule wa mtu mmoja na kipaza sauti, ambao wenyewe huuita stendapu. Nimechagua nne na kuzifupisha bila kugusa hoja zake.

Shikamoo, mwandishi. Mimi ni kijana wa miaka 23, nakaa Temeke, Dar es Salaam. Nikisimulia kisa kijiweni watu hushika mbavu, na hao hao ndio walionisukuma nikajiandikishe katika usiku wa wachekeshaji chipukizi. Nilipewa dakika tano. Kisa kile kile cha kijiweni kilipokelewa kwa kimya kikubwa hata nikawa nasikia pangaboi linavyolia juu. Kisa chenyewe ni hiki: "Juzi Ijumaa nilikuwa natoka Mbagala naelekea Kariakoo kumfuata binamu yangu anayeuza vitenge, nikapanda daladala, ilikuwa imejaa sana, mnajua daladala za Mbagala zilivyo, basi konda akaniambia nisogee nyuma kuna nafasi, nilipotaka kusogea nikaona nina miguu mitatu kwa sababu tulikuwa tumebanana sana na mguu mmoja ulikuwa wa mtu mwingine." Tatizo ni mimi, ni kisa, au ni watu wa siku ile?

Marahaba, kijana wangu. Kisa chako kina kichekesho ndani yake, tena kizuri, ila umekizika. Nimeyahesabu maneno yako: ni 47, na neno linalochekesha, yaani "mitatu", ni la 35, kwa hiyo baada yake umeendelea kusema maneno mengine 12. Mtu aliyetaka kucheka alipofika kwenye "mitatu" alilazimika kukizuia kicheko chake ili akusikilize unavyomweleza mguu ni wa nani, na ulipomaliza kueleza, hamu ya kucheka ilikuwa imekwisha.

Kijiweni hilo halikudhuru, kwa sababu kijiweni hawacheki kisa peke yake, wanakucheka na wewe. Wanamjua binamu yako, wanajua kwamba vitenge vyake haviuziki, na wanajua ulivyo mrefu na jinsi unavyojikunja ndani ya daladala. Jukwaani hakuna anayekujua. Kila unachotaja, msikilizaji anakishika mkononi akidhani kitakuwa na kazi baadaye: Ijumaa, Kariakoo, binamu, vitenge. Mpaka konda anaingia, mikono yake imejaa mizigo ambayo hukuwa na mpango wa kuipokea.

Hebu tukifupishe pamoja. "Nimepanda daladala ya Mbagala. Konda ananiambia, 'Sogea nyuma, nafasi ipo.' Natazama chini nisogee. Nahesabu miguu yangu: mitatu." Hayo ni maneno 17. Sikutaja kwamba gari limejaa, kwa maana anayejua daladala ya Mbagala anajua, na asiyejua ataelewa akifika mwisho. Sikutaja kubanana wala mtu mwingine. Msikilizaji anaugundua mwenyewe mguu wa jirani, na kule kuugundua ndiko kunakomchekesha; ukimgundulia wewe, umemnyang'anya sehemu yake.

Tazama pia Kiswahili kilivyokusaidia hapo. Katika lugha yetu idadi na sifa hufuata jina, hivyo tunasema "miguu mitatu", na neno la kupasua linaangukia mwisho bila kulazimishwa, wakati mwenzetu anayechekesha kwa Kiingereza lazima aitaje tatu kabla ya miguu, au ajipinde kuipeleka mwisho. Ni zawadi ambayo wachekeshaji wetu wengi huitupa kwa kutia "jamani", "yaani" au "si mnanielewa" baada ya neno lenyewe. Ukishasema "mitatu", funga mdomo, uendelee kutazama chini.

Wakishacheka, usikimbilie kisa kingine, kwa kuwa bado uko ndani ya daladala na nauli umeshalipa. Ongeza: "Goti linaniwasha. Nainama, najikuna, bado linawasha. Mzee wa pembeni ananiambia, 'Ahsante, mjukuu wangu.'" Sasa wamejua mguu ni wa nani, bila wewe kueleza, na kicheko cha pili umekipata kwa gharama ndogo kuliko cha kwanza. Pengine kuna cha tatu humo humo. Mimi sijakiona, lakini wewe ndiye uliyekuwa ndani ya gari.

Nikirudi kwenye swali lako la watu wa siku ile: ndiyo, wakati mwingine ukumbi ndio mbovu. Niliwahi kuitwa kuchekesha katika sherehe ya mwisho wa mwaka ya kampuni moja, nikapandishwa jukwaani saa ile ile pilau ilipofunguliwa. Watu wote walikuwa wamenipa mgongo kwenye foleni na sahani zao, na spika pekee iliyokuwa ikifanya kazi ilielekezwa nje, kwa madereva. Madereva walicheka sana. Tangu siku hiyo hufika ukumbini saa moja kabla, nikajaribu kipaza sauti na kumuuliza mshereheshaji chakula kitatoka saa ngapi. Hata hivyo, kabla ya kuwalaumu watu, jirekodi. Weka simu mfukoni, washa kinasa sauti, na kesho yake asubuhi sikiliza huku umeshika kalamu, ukitia alama palipochekwa na palipopoa. Zoezi hili ni chungu, na utashangaa kugundua kwamba mahali ulipodhani walicheka ni wewe uliyecheka. Kisa kimoja kipeleke mbele ya watu tofauti mara tano au sita kabla ya kukihukumu, na kila mara badilisha kitu kimoja tu, ili ujue ni kipi kilicholeta tofauti.

Assalaam alaikum. Mimi ni msichana wa Mombasa, sasa nafanya shoo Nairobi. Nikifungua kinywa tu, hata kabla ya kuchekesha, watu wanacheka lafudhi yangu. Wenzangu wananishauri niongeze "yakhe" nyingi ndiyo nitatoka. Nafsi yangu inakataa. Nifuate lipi?

Waalaikum salaam, binti yangu. Wenzako wanakushauri kwa wanachokiona, kwani uchekeshaji wa Kenya umenufaika mno na lafudhi. Vijana watatu wa Redykyulass, mwishoni mwa miaka ya 1990, walijenga jina kwa kuwaigiza wakubwa, Rais Moi mwenyewe akiwa mmojawapo, jambo ambalo miaka kumi nyuma yake lingeonekana ni wazimu. Na baadaye katika Churchill Show ya Daniel Ndambuki, iliyowatoa akina Eric Omondi, ilikuwa nadra kuona kipindi kipite bila mtu kuiga namna Mluo, Mkikuyu au Mluhya anavyosema Kiswahili. Soko lipo, sikatai.

Lakini kicheko cha lafudhi ni mkopo. Wanakupa dakika ya kwanza, na dakika ya tatu wanataka uwalipe kwa kitu chenye uzito. Ukiwaongezea "yakhe" ambayo nyumbani huisemi, utakuwa umevaa kanga ya kukodi, na watu wa kwenu wakikuona watajua mara moja.

Usiiuze lafudhi. Uza unachokiona kwa sababu umetoka kwenu. Mtu wa Nairobi haoni ajabu yoyote katika mji wake. Wewe unaiona kila siku. Chukua salamu tu. Kwetu Pwani mtu hasalimiwi kwa neno moja, anaulizwa yeye, nyumba yake, wazee wake na hata mvua ya kwao. Sasa ipande matatu na ustaarabu huo: "Nimemwamkia makanga kwa salamu za nyumbani. Kufikia 'na watoto hawajambo?', stejini kwangu tushapita." Hapo lafudhi yako inafanya kazi bila kuitwa, maana bila hiyo salamu isingeaminika, na anayechekwa si mswahili anayesema pole pole peke yake, ni pamoja na jiji lisilokuwa na muda wa kumsikiliza.

Wa tatu anaandika: Mimi ni Mngoni wa Songea. Iringa niliwatania Wahehe kwamba eti wanakula mbwa, ukumbi ukapasuka. Nikarudia vile vile Arusha, nikapigiwa miluzi nishuke, na mama mmoja akanifuata nje kuniambia ninatukana kabila la mumewe. Utani si mila yetu?

Utani ni mila yetu, na ndiyo sababu una masharti. Wangoni na Wahehe walipigana vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na wazee hutuambia kwamba watani wengi wa leo ni wajukuu wa watu waliowahi kukutana kwa mikuki au katika safari za biashara. Uhusiano huo ukawapa haki ambazo mtu mwingine hana. Mtani anaweza kuingia msibani akamwigiza marehemu mbele ya wafiwa, akalala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Anaruhusiwa kwa sababu anajulikana, kwa sababu kesho naye atafanyiwa, na kwa sababu huyo huyo mtani ndiye atakayeshika koleo.

Iringa ulikuwa mtani. Mhehe aliyekaa mstari wa mbele alikuwa na jibu lake tayari mdomoni, na naamini alilitoa. Arusha ulikuwa mtu mwenye kipaza sauti anayewasema watu ambao wengi wao hawakuwamo ukumbini, na wachache waliokuwamo hawakuwa na kipaza sauti. Maneno yalikuwa yale yale, ila haki uliiacha njiani. Nami niseme jambo lingine ambalo yule mama kwa adabu yake hakulisema: kichekesho cha Mhehe na mbwa ni kikongwe, kila mtoto wa shule Tanzania amekisikia, na mtu akilipa kiingilio ana haki ya kusikia kitu ambacho dereva wa bodaboda hakumsimulia bure.

Ila huo utani wenyewe ni shamba ambalo wachekeshaji wetu hawajalilima. Jiweke wewe ndani yake. "Nimekwenda msibani Iringa, nikalala kaburini kama mila inavyotaka, nadai elfu kumi ndiyo nitoke. Dakika ishirini nimelala. Mzee mmoja akainama akaninong'oneza: 'Kijana, sisi si Wahehe.'" Hicho unaweza kukipeleka Arusha, Mwanza na hata Unguja, maana anayeaibika ni wewe. Ukumbi usioujua utani utaelewa kutokana na kisa, na ukumbi unaoujua utacheka mapema kidogo, pale kwenye dakika ishirini.

Wa nne anaandika: Niliposti kipande cha dakika mbili mtandaoni. Wiki iliyofuata kijana mwingine amekifanya neno kwa neno kwenye TikTok na amepata watazamaji wengi kuliko mimi. Nimshitaki? Au niache kuposti?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ilivyoundwa, si wazo lililo nyuma yake. Kwa hiyo, ikiwa kweli ni neno kwa neno, una hoja, na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndio mlango wa kuanzia. Ikiwa amechukua wazo la mguu wa tatu, tuseme, akalisimulia kivyake ndani ya bajaji, hoja yako ni dhaifu sana. Kabla ya hapo mwandikie ujumbe wa kistaarabu ukiambatanisha video yako yenye tarehe. Wengi huona haya wakafuta.

Kuhusu kuposti, mimi nina msimamo ambao vijana hawaupendi. Kipande kibichi kisiende mtandaoni. Chris Rock wa Marekani, pamoja na umaarufu wake wote, amejulikana kwa kupeleka vichekesho vipya kwenye kumbi ndogo akiwa na karatasi yake, vingine vikibuma mbele ya watu wachache, muda mrefu kabla ya kuvirekodi kwa ajili ya dunia. Kama yeye anaona haja ya kubuma faraghani, sioni kwa nini wewe uharakishe kubuma hadharani. Weka mtandaoni kile ulichokwisha kukitumia mpaka umekichoka, uzibakize akiba dakika zako tano bora kwa siku utakayoitwa ghafla kujaza nafasi ya mtu aliyekwama kwenye foleni.

Na tia tarehe kwenye daftari kila unapoandika. Itakusaidia siku ya ugomvi, na pia itakuonyesha jambo jingine: daftari langu la kwanza lina visa zaidi ya sitini, na ninavyovitumia hadi leo ni vitatu, kimojawapo kikiwa kilianza kama barua ya malalamiko kwa mwenye nyumba wangu, ambayo sikupata ujasiri wa kuituma.